Sita wa Mwanzo

Nilipotangaza kwamba historia ya Kibaraza nitaiandika mimi, hakuna aliyebisha. Kibaraza ni ukumbi wetu wa mtandaoni, wa watu wa lugha moja tuliotawanyika ugenini, na unaendeshwa na wanaojitolea. Kazi yangu ya mwanzo humo ilikuwa kufagia. Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilifuta maandishi ya zamani, na mimi nikishika jambo nimelishika. Sasa Kibaraza kinatimiza miaka ishirini, watu elfu nne wanataka historia yao, na aliyeitupa ni mimi.

Ila mwenzenu nilikuwa na langu. Nilipojiunga nilikuwa na wiki tatu nchi ya watu, nashona mashuka yaliyochanika kwenye chumba cha chini cha hospitali, na nilishaulizia tiketi ya kurudi. Nikaandika kuuliza kama humu kuna watu. Siku ya tano wakanijibu sita kwa mpigo: Kinyozi, Dereva, Binti Mpole, Mama Pacha, Mwanafunzi na Babu. Babu alinitania, Mama Pacha akanielekeza duka la makoti. Nikabaki.

Kinyozi yupo, duka lake liko mtaa wa pili kutoka kwangu. Wale watano walitoweka mmoja mmoja mwaka uleule, na nilitaka kuwapata kabla ya sherehe niwashukuru kwa mdomo wangu. Kila nilipomuuliza Kinyozi habari zao alisema ni zamani, akageuza mazungumzo.

Bahati nzuri dada yangu hatupi kitu. Enzi hizo nyumbani hapakuwa na intaneti, basi sote tulikuwa na mtindo wa kuchapisha kurasa za Kibaraza kazini kwa kuibia na kuzituma kwa posta, ndugu wasome tumesema nini. Zangu za wiki ya kwanza zilikuwa na maandishi yote tangu Kibaraza kifunguliwe. Dada akanipigia picha kila ukurasa, huku akinisuta kwamba yeye ndiye maktaba na mimi ni fagio.

Jumamosi nikakaa mezani na chai, nikachora jedwali la kila mtu na saa alizoandika, kama ninavyopanga zamu kazini. Jedwali likaniudhi. Kwa majuma saba kabla yangu, wote sita waliandika Jumatatu tu. Tena mmoja akimaliza ndipo mwingine anaanza, hawagongani hata mara moja. Na Jumatatu ndiyo siku ambayo vinyozi wa mji huu hufunga maduka.

Nikaenda dukani kwa Kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, nikasubiri, maana sikutaka mtu akatwe sikio kwa sababu yangu. Mteja alipotoka nikamwekea jedwali mbele yake.

"Hawa wote ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

Hasira zilinipanda. Nilimkumbusha kwamba Binti Mpole alipoolewa nilimwandikia pongezi ukurasa mzima, na Babu alipougua nilimwombea. Akasema watu wa kweli walipoanza kuja aliona haya kuwaua wale, ndiyo maana mmoja akamhamisha, mwingine akamwoza. Kumzika Babu alishindwa kabisa, akampeleka kwa mwanawe.

"Kwa nini lakini?"

"Dada, majuma saba nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Ukaja wewe, mtu wa kwanza, ukauliza kama kuna watu. Ningekwambia niko peke yangu, ungekaa?"

Nilitamani kusema ningekaa. "Nisingekaa," nikamjibu, maana hata nikiwa na hasira sisemi uongo.

Akauliza, bila kunitazama, kama nitayaandika hayo. Aliogopa watu elfu nne watamcheka. Nikamwambia naandika, tena sasa hivi, na atakayecheka atanikuta mlangoni. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikatoa simu, nikaandika yeye akisoma begani kwangu:

"Kibaraza kilianzishwa na kinyozi mmoja, aliyeongea kwa sauti sita ili mwenzake akifika akute nyumba ina watu. Akafika mshona mashuka. Siku hiyo wakawa wawili."