Kapu la Miwani

Mhubiri mgeni alipowaambia waumini wa Totonicapán watupe miwani kapuni, kwa kuwa Bwana ameshawaponya macho, Eufrasia alitupa yake iliyofungwa uzi mwekundu. Kesho yake wifi yake, Nicolasa, akang'ata jiwe kwenye maharagwe.

"Kupona gani huku, wifi? Si wewe uliyeyachambua?"

"Nimepona. Na wewe mbona hukuliona jiwe kwenye kijiko?"

Mambo ya uponyaji Nicolasa alikuwa akiyacheka tangu mkutano uanze, na hakuwa tayari kushindwa na mtu aliyetaka kumvunja jino. Akajitanda shali, akaaga kuwa anakwenda kanisani kumchukulia wifi yake miwani.

Alimkuta mchungaji wao, Baldomero, aliyekuwa wa kwanza kutupa, kainamia kapu na Biblia mkononi, anajaribu miwani ya nne.

"Imani ninayo, dada," alisema bila kuulizwa. "Ni herufi tu zimekuwa ndogo. Umefuata ya Eufrasia?"

"Ya Eufrasia umeivaa wewe," alisema Nicolasa, akipiga magoti kando ya kapu. "Nisaidie kutafuta yangu."