Pikipiki Niliyoichagua Mwenyewe

Nilizungusha mkono wa mafuta mpaka ukagota, na pikipiki haikwenda. Iliguna tu, kama mtu aliyeamshwa mapema. Lori la magogo lilikuwa linateremka kwenye kona ileile niliyokuwa naipanda. Kichwa chake kilikuwa kimeshanipita, na sasa mkia wake ulikuwa unafagia upande wangu wa barabara. Nilichohitaji kilikuwa kidogo sana: kuvuta mara moja, nipite kwenye uwazi uliobaki kabla magogo hayajaufunga. Gia ilikuwa sahihi. Mwendo ulikuwa sahihi. Nikaona magome ya miti yanakuja usawa wa kifua changu, nikaiachia pikipiki na kujitupa mtaroni.

Wanasema hasira hasara. Waseme. Mimi hasira ya siku zile bado ninayo, nimeitunza vizuri, wala haijanitia hasara yoyote.

Nilikuwa fundi wa majokofu ya chanjo, na ndiyo kazi yangu hata leo. Mjini majokofu hayana shida, umeme ukikatika kuna jenereta. Shida iko kwenye zahanati za mlimani, ambako barabara imejikunja kama utumbo na jokofu likifa leo, chanjo za kijiji kizima zinaharibika kesho. Niliiomba njia ile kwa muda mrefu. Kila mara wakampa mwanamume, na kila mwanamume akachoka, akarudi kukaa stoo akilalamika mgongo. Mwishowe msimamizi wetu akasema haya, nitajaribiwa, ila niwe na pikipiki yangu mwenyewe, na nikishindwa nisimsumbue tena.

Kaka yangu alikuwa na gereji, aliyotuachia baba. Sote wawili tulikulia mle, tukila chakula chenye harufu ya grisi. Nilimwomba anisindikize kuchagua, si kwa kuwa sijui pikipiki, bali kwa kuwa macho manne ni bora kuliko mawili. Alikuja akichechemea. Mguu wake wa kushoto ulivunjikia kwenye kona zilezile za mlimani, zamani, na haukuunga sawasawa.

Muuzaji tulimwita Mmiliki Mmoja, maana kila pikipiki iliyokuwa uani kwake ilikuwa imetumiwa na mmiliki mmoja tu, tena mwalimu, tena hakuwa akiipanda. Alimpa kaka mkono, akamletea kiti, akamweleza habari za injini. Mimi akaniuliza napenda rangi gani. Nikamwambia napenda ile ambayo shingo ya usukani haijalegea, kisha nikaanza kuzitikisa moja moja.

Kaka alikuwa ameshachagua kabla sijaanza. Lilikuwa dude jeusi, refu, zito, lenye tangi kama tumbo la mlevi. Likikaa barabarani limekaa, akasema. Nikalipanda: vidole vya miguu yangu viliigusa ardhi kwa shida, na nilipoligeuza katikati ya mapipa ya mafuta yaliyopangwa pale, lilitaka uwanja mzima. Hilo ni la kukimbizia barabara iliyonyooka. Kwenye kona kali, ya kupanda, yenye kokoto, pikipiki nzito inakwenda inakotaka yenyewe.

Niliyoitaka ilikuwa kule nyuma, imeegemezwa ukutani. Nyekundu iliyopauka, injini ndogo, fremu fupi, tairi nyembamba. Tairi zake zilikuwa zimeliwa pembeni kuliko katikati, na vyuma vya kukanyagia vilikuwa vimesuguliwa chini, pande zote mbili sawasawa. Aliyekuwa nayo alijua kulala na kona, na fremu ilikuwa haijapinda. Miguu yangu miwili ilikanyaga chini, nyayo zote. Nikaiwasha, nikaipandisha kile kilima cha nyuma ya ua, ikavuta bila kulalamika.

Kaka akacheka mbele ya Mmiliki Mmoja. Akasema mchagua jembe si mkulima, na kwamba mdogo wake amekuja sokoni kutafuta kitoto cha baiskeli. Nikamjibu kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Mmiliki Mmoja naye akacheka, akasema hii ilikuwa ya mwalimu.

Niliinunua. Kabla hatujaagana kaka akasema niiache pikipiki gerejini kwake, anibadilishie pete za pistoni na kuisafisha, asije akasikia nimekwama porini. Niliona ni njia yake ya kuomba radhi. Baadhi ya watu hawawezi kusema samahani mpaka washike spana. Aliponirudishia ilikuwa inang'aa, na akanionya kwamba pete mpya zinahitaji kuzoea, kwa hiyo nikiona ni nzito kidogo nisishangae, nisiipelekeshe. Ni kweli kabisa, fundi yeyote angesema hivyo. Nikazunguka nayo mjini, kwenye barabara za tambarare ambako hakuna anayehitaji kufungua mafuta mpaka mwisho, nikaridhika.

Ndipo nikaenda mlimani, na ndipo nikajikuta mtaroni.

Dereva wa lori alisimama, akanitoa, akaiinua pikipiki, akaniuliza maswali mara mbilimbili kama anazungumza na kiziwi. Mkono uliteguka, goti likachunika. Nilirudi nyumbani kwa mama, nikalazwa kwenye chumba changu cha usichana. Kaka akaja. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akautazama mkono wangu uliofungwa bendeji. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilikwambia," akasema. "Ile si pikipiki ya kona."

Mama akaitikia kwa kichwa. Msimamizi naye, aliposikia, hakuchelewa: njia ya mlimani akampa fundi mwingine, mimi nikipona nitakaa stoo, nitengeneze vidhibiti joto. Akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi.

Lililoniuma zaidi si hilo. Lililoniuma ni kwamba nilianza kuwaamini. Nililala pale nikiichagua upya pikipiki ile kichwani, nikiipandisha kile kilima cha nyuma ya ua, nikijiuliza niliona nini ambacho hakikuwepo. Labda nilisikia nilichotaka kusikia. Labda nilishupaa kwa sababu walicheka. Nilijiona mjinga, na mtu akishajiona mjinga katika kazi yake, hata kufunga skrubu anasita.

Mkono ulipoweza kushika bisibisi, nikatandika gunia uani kwa mama, nikaiweka pikipiki juu yake, mchana kweupe, nikaanza kutafuta kosa langu. Nilifungua plagi, nzima. Kichujio cha hewa, kisafi. Mafuta yalishuka vizuri. Nikafungua mfuniko wa kabureta, nikavuta ile pistoni ndogo inayopanda ukivuta mafuta, pamoja na springi yake. Ndani ya springi, mahali pasipotakiwa kuwa na kitu chochote, palikuwa na kipande cha bomba la plastiki, la bluu. Kilikatwa kwa kipimo, ili pistoni ipande nusu tu, isifike juu. Ukivuta mafuta mpaka mwisho, unapata nusu.

Nilikigeuza kidoleni. Ncha zake zote mbili zilikuwa zimelainishwa kwa msasa. Ni mtu mmoja tu ninayemjua ambaye hawezi kuacha ncha kali hata kwenye kitu kisichoonekana. Baba alikuwa akimsifu kwa hilo.

Baba alitufunza na jingine. Gerejini kwetu, aliyegusa mashine ya mtu humwambia mwenyewe kila alichogusa, hata kama amefuta vumbi tu. Ukigusa, sema. Wateja walitoka mbali kwa ajili ya hilo. Na kaka yangu, mrithi wa gereji, alikuwa amenitilia kizibo kwenye kabureta, akanidanganya kwa habari za pete, kisha akaja kukaa kitandani kwangu na kuniambia alinionya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuja pia kukupa pole.

Nilikwenda gerejini kwa miguu. Alikuwa ameinamia injini, wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Nikakiweka kile kipande juu ya meza ya kazi, katikati ya spana. Alikitazama. Hakuuliza ni nini.

"Nilitaka usikimbie," akasema.

"Sikuwa nakimbia, kaka. Nilikuwa nataka kupita."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mimi sizijui kona zile, yeye anazijua, kila asubuhi akiukanyagia chini mguu ule anazikumbuka. Nikamwambia zilimvunja akiwa juu ya dude zito lililogoma kugeuka, na dude la namna ileile ndilo alilotaka kunipandisha. Mteja mmoja akasimama, akaenda kutazama kitu nje.

"Hilo la lori sikulifikiria," akasema.

"Na uliposema mbele ya mama kwamba ulinionya? Hilo ulilifikiria?"

Akaokota spana, akairudisha palepale. Nilitamani anijibu, hata kwa uongo, nipate kitu cha kupiga teke. Nikamwambia asubuhi atakuja ofisini kwetu na atasema kwa mdomo wake mwenyewe. Akaniomba tuyamalize nyumbani. Nikamwambia njia yangu haikunyang'anywa nyumbani.

Alikuja. Alivaa shati safi, akaketi mbele ya msimamizi, kofia mapajani, akaeleza yote bila kuficha: alivyokata, alivyokiweka, alivyodanganya. Nami nilisimama kando, nikingoja ile dakika niliyoililia.

Msimamizi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Alicheka kwa furaha, akaegemea kiti, akampiga kaka begani. "Huyu ndiye kaka," akasema. "Wangu hata simu hapigi." Akanigeukia. "Dada, ungemshukuru. Una mtu anayekupenda."

Sijawahi kukasirika vile, si kabla wala baadaye. Nilielewa kwamba hata ningekufa kwenye kona ile, mazishini wangempa pole kwa mapenzi yake, wakanilaumu mimi kwa pikipiki. Nilitafuta neno nikalikosa.

Aliyelipata ni kaka. Hakuinua macho.

"Usinisifu, bosi. Karibu nimuue." Akaikunja kofia. "Pikipiki aliichagua vizuri. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Kicheko kikaisha. Msimamizi akapanga kalamu zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Akakohoa. Akasema, bila kunitazama, kwamba jokofu la zahanati ya juu limekufa tangu juzi, chanjo wamezihamishia kwenye barafu ambayo inayeyuka, na yule aliyepewa njia anadai ana mafua. Akauliza kama mkono umepona.

Nilichukua boksi langu la vifaa, nikalifunga nyuma ya pikipiki. Kaka alitoka, akasimama karibu, mguu wake mbaya ameupumzisha juu ya kizingiti. Alitazama jinsi nilivyokaza mikanda, akanyoosha mkono kurekebisha mmoja, kisha akaurudisha mwenyewe. Jua lilikuwa limeshapanda, na gereji haikuwa karibu. Akaniuliza kama nitampitisha gerejini.

Nikamwambia naenda mlimani, ni upande mwingine.

Nilipofika mwisho wa mtaa nilimwona kwenye kioo cha pembeni, bado amesimama palepale na kofia yake mkononi, akinitazama. Nikakunja kona.