Panki kwenye Kioo cha Kitochi

"Hilo ni panki," alisema Bernadeta, akiisukuma simu juu ya meza kama kitu kinachonuka. "Tena panki la juzi. Mimi niliomba sangara."

"Ni sangara, mwenyekiti," alijibu Odeta. "Mtazame vizuri."

"Nimemtazama. Ana mbavu tupu. Sangara ninaowauza mimi wana nyama."

Odeta aliizima simu, akaiwasha upya. Kioo kidogo kisichojua rangi yoyote zaidi ya nyeusi na nyeupe kikaamka, na kabla ya kitu kingine chochote akatokea samaki: kichwa, mkia, na katikati mistari tu. Akageukia kompyuta. Huko samaki yuleyule alikuwa amenona, mgongo mweusi, tumbo la kijivu. Picha ni hiyohiyo na aliyeichora ni yeye. Sasa nyama imeishia wapi njiani?

Wanawake wa kikundi cha wauza samaki wa soko la Mwaloni walikuwa wamenunua simu za kitochi, zote za aina moja, wakamletea Odeta kwenye kibanda chake cha ufundi simu hapo Kirumba aziflashi: azipe programu upya, na ndani yake picha ya kufungulia. Sababu yao ilikuwa na akili. Simu za sokoni huibwa sana, na mwizi akikana, unaiwasha mbele yake, picha inamuumbua. Odeta, mwenye stashahada yake ya kompyuta, alidhani ni kazi ya kumaliza kabla ya chai.

Hatimaye alikumbuka kijivu. Simu haina kijivu. Ikipewa, inakikatakata kuwa mistari myeusi na myeupe. Ndizo mbavu hizo. Akafuta kijivu chote, akajaza mwili mweusi tii, akaiingiza tena.

"Hiyo ni ndala," ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

Alikuwa Gladness, mwanakikundi aliyekuja na mwenyekiti wake na muda wote alikuwa kimya. Yeye huuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaondolewa. Huikaanga, na watu hupanga foleni.

"Rudisha ile ya kwanza, fundi. Mimi niliipenda."

"Arudishe panki?" Bernadeta alimgeukia.

"Panki lina ubaya gani? Wanangu wote wamesoma kwa panki."

"Hakuna aliyesema lina ubaya. Nasema si alama ya kikundi."

"Na mimi ni wa kikundi, au nimekusindikiza tu?"

Bernadeta aliinamia kioo cha simu. Odeta alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, asielewe vizuri wanagombania nini. Yeye alikuwa bado anadhani ni suala la picha, na suala la picha lina dawa.

"Sikilizeni," alisema, akijiona amepata. "Kila simu naiflashi peke yake. Wa sangara nawawekea sangara, wa mapanki nawawekea panki. Yameisha."

Gladness alisimama, akakaza kanga kiunoni.

"Asante, fundi. Umesema kile ambacho mwenyekiti anaona haya kukisema. Simu yangu mpeni mwingine, na jina langu mlitoe."

"Kaa chini, Gladness."

"Sikai."

Odeta alibaki na mkono juu ya kompyuta. Alitaka kupatanisha, kumbe amegawa. Na hata sasa hakuelewa picha ndogo kuliko kiberiti inawezaje kumtoa mtu kwenye kikundi alichokijenga. Alichoelewa ni kimoja: Gladness akivuka mlango ule harudi, na wakaangaji wote watamfuata.

Nje ya mlango yalikuwepo mabeseni yao mawili, moja limewekwa ndani ya jingine.

Akamfuta samaki, kichwa hadi mkia. Akachora mstari mnene, na chini yake tumbo la duara.

"Unachora nini?" aliuliza Bernadeta.

"Beseni."

"La nani?"

"Sijui. Lile la juu pale nje ni la nani?"

Wote wawili walichungulia. Yalifanana mno kutambua lipi la nani.

"Lakini samaki..."

"Samaki amenishinda, mwenyekiti. Na nina watoto wa kwenda kuchukua shule Igogo." Akachomeka waya, akabonyeza.

"Ngoja kwanza tushauriane."

"Haingojeki. Ikishaanza, ukichomoa waya simu inakufa. Shaurianeni huku inaingia."

Hawakushauriana. Walisimama wakitazama kioo cheusi, hadi kikawaka na beseni likatokea.

"Limepinda," alisema Gladness kutoka mlangoni.

"Limepinda kweli," alisema Bernadeta.

Odeta alichomoa waya, akamkabidhi Gladness simu mkononi, akavuta ya pili.