Nyongeza ya Mhina

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa ndani ya kichuguu, kazi yangu kugawa homoni. Jiko lilikuwa langu lilelile, mafiga matatu na sufuria iliyobonyea ubavuni, ila ukuta wa nyuma ulikuwa unapumua.

Mchwa vibarua wamepanga foleni, weupe, wana adabu. Upawa wangu wa kifuu unanipa masharti.

"Hii ni homoni ya utoto, bibi. Upawa mmoja, mchwa anabaki kibarua. Ikizidi, anajivua ngozi mara mbili, anakuwa askari."

"Ya utoto, halafu inaleta askari?"

"Mimi ni upawa tu. Sikuipa jina."

Nikagawa vizuri mpaka akafika mume wangu Mhina, naye kibarua, mbavu zinahesabika. Sasa kwetu humpakulii mtu chakula kikaonekana kimepimwa, ni aibu. Lazima umtilie nyongeza. Nikamtilia.

"Umefanya nini?" upawa ukauliza.

"Nyongeza."

Mhina akanywa yote, akaanza kujikuna. Ngozi ya mgongo ikalegea kama shati la kuazima.

"Atakuwa askari huyo," upawa ukasema. "Kichwa kikubwa, mataya kama mkasi."

"Mataya!" Mhina akafurahi. "Mama Zaina, umesikia? Miaka sita sina hata jino."

"Hayatafuni chakula hayo, ni ya vita," upawa ukadakia. "Utalishwa mdomo kwa mdomo. Adui akija, utaziba tundu kwa hicho kichwa. Aliyeziba tundu harudi nyumbani."

Mhina akaacha kujikuna. "Mama Zaina," akasema polepole, "mimi nataka kurudi nyumbani."

Nikauliza dawa.

"Askari mwingine, aliyekwisha kukomaa. Akikaa karibu naye, mwili wa Mhina utapata habari kwamba askari wametosha, homoni itashuka. Lakini iwe kabla ngozi haijapasuka."

Hapo hapo tuko zahanati, kwenye benchi la kungojea. Askari amekaa peke yake, kichwa cha kahawia kama kiazi kilichochomwa.

"Shikamoo, askari. Njoo ukae na mume wangu."

"Marahaba. Sikai na mtu nikiwa na njaa."

Nikatafuna muhogo, nikamlisha mdomo kwa mdomo, Mungu anisamehe.

"Naona," akasema Mhina.

"Nyamaza, unatibiwa."

Askari akashiba, akaketi, paja kwa paja na mume wangu. Mgongo wa Mhina ulishaanza kuchanika. Tukangoja. Nyuzi mbili zikapasuka, wa tatu ukasita, ngozi ikakaza taratibu. Nikaamka nimemshika mkono.

Asubuhi akachukua kofia yake, ile ya miaka tisa. Ikagoma juu ya masikio.

"Umeifua kwa maji ya moto?"

"Sijaigusa."

Nikapima. Kofia ni ileile, kichwa ndicho kimezidi kwa upana wa kidole. Nikashukuru ni kidole kimoja tu, nikamwambia akae, nikatafuta wembe nifumue mshono wa nyuma.