Nyuzi Tisa Ufipa, Nyuzi Ishirini na Moja Kipili

Mwalimu Adela alianza kupima baridi mwaka ule binti yake, Dominika, alipotimiza miaka tisa. Alinunua kipimajoto mjini Sumbawanga, akakitundika kwenye nguzo ya baraza, upande usiopigwa na jua. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alitoka amejifunika kitenge, akasoma namba na kuiandika kwenye daftari. Halafu alimpigia simu Husna.

"Leo tisa," alisema asubuhi moja ya mwezi Mei.

"Huku ishirini na moja," Husna alijibu kutoka Kipili. "Na shuka nimelitupa chini."

Walikuwa wamesoma pamoja chuo cha ualimu. Adela alipangiwa shule ya kijijini kwao, juu kabisa kwenye nyanda za Ufipa, karibu na milima ya Mbizi. Husna, ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa mjini Sumbawanga, alipangiwa Kipili, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Sasa alikuwa na miaka saba huko na alitaka kurudi kwao. Adela naye alitaka kushuka. Utaratibu uliwaruhusu walimu wawili kubadilishana vituo iwapo wote wamekubali, na maombi yalitakiwa yawe yamefika kabla ya tarehe kumi na tano Julai.

"Kuna mwalimu wa Matai, hukohuko juu, naye ananisumbua tubadilishane," Husna alisema. "Lakini nakusubiri wewe. Usinichoshe, dada."

"Sikuchoshi. Nipe siku chache."

Jambo ambalo Adela hakumwambia Husna ni kwa nini alitaka kushuka. Dominika alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa hadi sauti ikakauka. Daktari wa kliniki alishamweleza kwamba baridi ni mojawapo ya mambo yanayoyaamsha. Mwaka uliopita mtoto alilazwa mara tano, na mara nne kati ya hizo zilikuwa Juni na Julai, wakati upepo wa Ufipa unapoingia hata pale palipozibwa kwa matambara.

Alijifunza kunyamaza. Mwanamke mmoja wa jumuiya yao ya kanisa alikwisha kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba mtoto wa namna ile hapotezewi ada. Tangu siku hiyo Adela akiulizwa alijibu tu kwamba Dominika ana kifua.

Mumewe, Yusto, hakutaka kuhama. Alikuwa na eka sita za mahindi na ulezi, alizoachiwa na baba yake.

"Nitalima nini kule mchangani?" aliuliza.

"Wanalima mihogo. Wanalima mpunga."

"Baridi hii naijua, Mama Dominika. Nimezaliwa nayo. Hao mbu wa ziwani siwajui."

"Unaijua wewe. Yeye inamuua."

Yusto alichukua shoka. Alitoka kwenda kupasua kuni, na Adela akamsikia akipasua nyingi kuliko zilizohitajika.

Habari ya mbu ilimkaa Adela kichwani. Alipompeleka Dominika kliniki alimuuliza daktari, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Daktari akasema, "Baridi ni mbaya kwake. Malaria nayo ni mbaya, pengine zaidi. Kabla hujahama, uliza huko malaria ikoje."

Adela akauliza.

"Malaria ipo kila mahali, mwenzangu," Husna alisema kwenye simu. "Huku ni kawaida tu. Chandarua, basi."

Adela akaandika kwenye daftari, chini ya safu ya Kipili: *malaria kawaida*. Akayatazama maneno yale mawili muda mrefu. Usiku akayafuta, asubuhi akayaandika tena.

Shule zilipofungwa mwezi Juni, alimwomba Yusto awaruhusu waende Kipili siku nane, waione hali kwa macho. Yusto alikubali kwa kichwa. Siku ya safari aliwasindikiza hadi barabarani akiwa amebeba begi la dawa, na akamfunga Dominika skafu mara mbili.

Baada ya Namanyere, barabara ilipoanza kuteremka kuelekea ziwani, Dominika alivua skafu. Mbele kidogo akavua sweta. Walipoliona ziwa alikuwa amebaki na gauni jepesi, anacheka, ananyoosha mikono nje ya dirisha.

"Mama, vidole haviumi!"

Siku ya tatu alikimbia. Adela alikuwa hajamwona akikimbia mwezi Juni tangu aanze kutembea. Alimtazama akifukuzana na watoto wa jirani kati ya nyavu zilizoanikwa, akaingia bafuni kwa Husna, akafungua maji ili asisikike, akalia.

Hata hivyo hofu haikumwacha. Ilibadilisha sura tu. Saa kumi na moja jioni alikuwa amekwisha kumvalisha mtoto soksi na mikono mirefu. Alikagua chandarua kwa vidole, tundu baada ya tundu, akashona mawili. Mbu akilia sikioni alisimama na kumsaka ukutani hadi Husna akamcheka.

"Adela, unapigana vita?"

"Nimezoea baridi, ndugu yangu. Juu kule mbu ni wachache."

Siku ya tano Husna alimwomba amsaidie kujumlisha mahudhurio ya nusu mwaka. Walikaa ofisini kwake shuleni, madirisha wazi, Dominika akicheza kamba uani. Adela alifungua daftari la mahudhurio la darasa la tatu, lenye wanafunzi sitini na mmoja. Alipofika mwezi Aprili kalamu yake ilisimama. Ukurasa ulijaa herufi M, alama ya mgonjwa. Wiki moja tu alihesabu watoto kumi na tisa. Akafunua Mei. Ilikuwa vilevile.

"Husna, hawa wote waliumwa nini?"

Husna hakuinua kichwa. "Homa."

"Malaria?"

"Ndiyo."

"Uliniambia ni kawaida."

"Ndiyo kawaida ya hapa."

Adela aliweka kalamu chini. "Dominika ana selimundu," alisema. "Ndiyo sababu nataka kuja. Baridi inamtesa. Lakini malaria, daktari amesema malaria inaweza kummaliza."

Husna alifunika daftari lake. Kisha akasimama, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Miezi mingapi unanipigia simu kila asubuhi?" alisema polepole. "Nyuzi tisa, nyuzi nane. Hukuweza kuniambia mtoto anaumwa?"

"Niliogopa ungesema kwa watu."

"Mimi?"

"Kila mtu, Husna. Namwogopa kila mtu."

Husna aliushika ukingo wa meza. "Basi na mimi nikwambie. Nimepoteza mimba mbili hapa. Zote kwa malaria. Mume wangu amesema ya tatu nikaibebe kwa mama, Sumbawanga, la sivyo basi. Nilijua nikikueleza ukweli hutakuja. Nikasema moyoni, kila mtu apambane na lake." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ushungi. "Sikujua kuna mtoto mgonjwa. Wallahi sikujua. Usisaini maombi yale, Adela."

Nje watoto walikuwa wanahesabu kwa sauti Dominika akiruka. Walifika thelathini na mbili kabla hajakosea. Adela alisikiliza hesabu ile akijua kwamba kama asingeliona daftari lile, jioni hiyohiyo angesaini.

Walipanda kurudi Ufipa siku ya nane. Siku ya nne baada ya kufika nyumbani, Dominika aliamka amejikunja. Adela alidhani ni baridi, akamletea maji ya moto ya kukanda magoti. Alipomgusa paji la uso aliruka kama aliyeshika kaa la moto.

"Yusto! Toa pikipiki!"

Walimweka katikati yao, amefungwa blanketi mbili, Yusto akiendesha na Adela akimkumbatia kwa nyuma. Hospitali ya mkoa, mjini Sumbawanga, ilikuwa mbali nao kilomita ishirini za vumbi na makorongo. Upepo uliwapiga njia nzima. Mtoto alilia mwanzoni, kisha akaacha, na huko kuacha ndiko kulikomtisha Adela kuliko kilio.

"Dominika! Niambie jina la mwalimu wako."

"Mwalimu... Kornel."

"Dada yake baba unamwita nani?"

"Shangazi..." Hakumalizia.

Kipimo kilionyesha malaria. Kiwango cha damu kilikuwa kimeshuka hadi nne. Aliwekewa ile chupa moja iliyokuwapo ya kundi lake, na ndugu wakaambiwa watafute watu wa kuchangia, kwa kuwa moja haingetosha. Yusto alijitolea akakuta kundi lake halilingani. Adela vilevile. Alisimama kwenye korido akiwa na simu mkononi, akipita majina ya watu aliokuwa amewaficha habari hii kwa miaka tisa. Hatimaye akampigia Husna.

Hakufika mbali. Alisema tu, "Ameugua. Ni malaria. Anahitaji damu," na Husna akakata.

Kabla ya saa moja kupita aliingia kijana mrefu mwenye koti la ngozi, akifuatana na wenzake wawili. "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni Lukmani, mdogo wake Husna. Amenipigia dukani. Tunatoa wapi hiyo damu?"

Mmoja wa wale wawili ndiye aliyelingana.

Siku tatu zilipita kabla homa haijashuka. Siku ya nne Dominika aliomba uji, na daktari yule mnene akaja kukaa pembeni ya kitanda. Adela alimkabidhi daftari lake lenye safu za joto, mvua, upepo na mbu.

"Nisaidie, daktari. Huku ananyongwa na baridi. Kule nimemtia malaria kwa siku nane. Nimpeleke wapi?"

Daktari alifunua kurasa kwa makini, moja baada ya nyingine. "Umefanya kazi kubwa," alisema. "Ila kuna kitu kimoja sikioni hapa. Kule, akizidiwa hivi, damu mngeipata wapi, na baada ya saa ngapi?"

Adela aliifikiria ile barabara ya kutoka ziwani.

"Na juzi, kutoka kijijini kwenu?"

"Zaidi ya saa nzima," Yusto alijibu. Alikuwa amesimama mlangoni. "Na upepo."

Daktari alirudisha daftari. "Kwa mtoto huyu sijui mahali pasipo na hatari, mwalimu. Ningekuwa napajua ningekwambia."

Alipoondoka, Yusto alivuta kiti. Alizungumza akitazama chini, kama mtu anayeungama.

"Tupange hapa mjini. Karibu na hospitali. Wewe uombe kuhamia shule ya hapa. Mimi nitakwenda shambani kwa pikipiki, na msimu wa kupalilia nitalala hukohuko."

"Mjini ni baridi ileile, Yusto."

"Najua. Nitaweka dari. Nitaziba madirisha. Kuni zipo, nilipasua za mwaka mzima."

Adela alicheka, kisha akashindwa kuacha, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kuwatazama.

Kumwambia Husna kulikuwa kugumu. Alingoja hadi tarehe kumi na tatu, siku mbili kabla ya mwisho wa maombi, akijua kabisa kwamba kila siku anayongoja anamwibia mwenzake. Alipopiga, Husna alisikiliza hadi mwisho.

"Nilishajua," alisema. "Mpe pole mtoto." Akakata simu.

Hakupiga tena, na Adela hakuthubutu kumpigia. Kila asubuhi alisoma kipimajoto, akaandika namba, akarudi ndani. Alijiuliza kama yule wa Matai alikuwa bado yupo, kama siku mbili zilitosha, kama Husna alikuwa na mimba tayari. Lukmani akikutana naye sokoni alimwamkia vizuri, lakini Adela hakuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Mwezi Oktoba ujumbe ulifika: *Niko Matai. Baridi! Nimenunua blanketi la tatu.*

Adela alimpigia hapohapo. Walilia kidogo, wakacheka kidogo. Kisha Adela akauliza lililokuwa likimwasha: "Yule mwalimu uliyebadilishana naye, ulimwambia?"

"Nilimwambia kila kitu. Nilimfungulia hata madaftari. Akanicheka. Kumbe amezaliwa Wampembe, mama yake yuko palepale ziwani. Anarudi nyumbani kwake, dada."

Mwezi huohuo walihamia vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya soko. Yusto aliweka dari kwa mikono yake, ikawa imeinama upande mmoja. Adela alipata shule ya mjini na akamweleza mwalimu mkuu, siku ya kwanza kabisa, ugonjwa wa mtoto wake kwa jina lake. Alisema haraka, jasho likimtoka, na mwalimu mkuu akauliza tu ni dawa gani zikae ofisini.

Baridi ya mwaka uliofuata ilikuja kama kawaida yake. Dominika alishikwa na maumivu mara moja mwezi Juni. Mara ya pili ilikuwa Julai, mchana, akitoka shule. Walimbeba hadi hospitali kwa dakika tisa. Akapewa dawa ya maumivu na maji ya mshipa, na pumzi yake ikaanza kutulia.

Adela hakutulia. Alitembea kutoka kitandani hadi dirishani, akarudi, akagusa paji la uso la mtoto, akasoma chupa ya maji, akaenda tena dirishani.

"Mama," Dominika alisema bila kufumbua macho. "Unanichosha. Kaa."

Adela akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa binti yake juu ya blanketi, na akaanza kungoja.