Kadiva Katika Chumba cha Sita

6.

Anzia hapa, msomaji wangu, kwenye namba sita. Moja hadi tano wameshiba, watasubiri.

Chumba cha sita kiko safu ya chini, pembeni kulia mwa karatasi. Ndani yake kuna mstari mmoja umelala sakafuni kama uzi ulioponyoka kwenye sindano. Mstari huo ni maji.

Wanasema yamekufa.


1. TANGAZO
(mlangoni pa ofisi ya kata, limebandikwa kwa uji wa muhogo)

KAMATI YA MAJI, MIFEREJI YA IVUGA
YAH: UKARABATI WA NDIVA

Wananchi wote mnaarifiwa kuwa kikao cha kupitisha orodha ya ndiva zitakazokarabatiwa kitafanyika Alhamisi saa nne kamili asubuhi. Kila ndiva itajadiliwa kwa kuzingatia grafu ya vipimo vyake. Ndiva itakayoonekana haipokei maji ya usiku itafutwa kwenye orodha, na maji ya mfereji wake yataelekezwa Ivuga.

Grafu zote sita ziwe kwenye karatasi moja.

Moja tu.


2.

Kwa asiyetoka milima ya Upare: ndiva ni bwawa la udongo na mawe, lililokaa juu ya mashamba kama mama aliyekaa juu ya kigoda. Jioni unaliziba. Usiku kucha linakunywa maji ya mfereji. Asubuhi unalizibua, mashamba yanakunywa. Jioni unaziba tena.

Kadiva ndiyo ndogo kuliko zote sita. Inanywesha kaya kumi na moja. Mwenye kuziba na kuzibua ni Bibi Nakijwa, miaka sabini na mmoja, darasa la nne la enzi zile. Ndiva nyingine tano zina rula ndefu za chuma zilizowekwa na kamati. Kadiva haikupewa. Kwa hiyo Bibi hupima kwa mkono wake, na kuandika.


3. DAFTARI LA BIBI
(jalada: HISABATI)

J'tatu asubuhi: shubiri 1. Jioni: shubiri 4.
J'nne asubuhi: shubiri 1 na kidole. Jioni: 4.
J'tano asubuhi: 1. Jioni: 4. Nyani wamekuja.
Alhamisi asubuhi: 1. Jioni: sikupima, msiba kwa mama Mbazi.
Ijumaa asubuhi: 1. Maji matamu.


4.

Jumatano saa tatu asubuhi, mjini Same, chumba cha kupanga cha Naetwe. Huyu Naetwe ni mjukuu wa Bibi, anasomea mambo ya umwagiliaji, na kamati ndiyo iliyomwomba achore. Bibi ameshuka mlimani jana na daftari lake ndani ya kitenge. Amekaa kitandani, miguu haifiki chini, anaangalia laptopu kama anayeangalia chungu kisichochemka.

"Ona, Bibi. Vyumba sita, ndiva sita. Kwenda kulia ni siku. Kwenda juu ni wingi wa maji."

"Huyu wa tatu ni Ivuga?"

"Ndiyo. Lita laki nane."

"Kanenepa."

"Na huyu wa sita ni wewe."

Bibi akavaa miwani. Akaivua. Akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena.

"Mbona nimelala?"

Naetwe akaeleza taratibu. Vyumba vyote vinatumia kipimo kimoja, na kipimo kimeshonwa kumtosha Ivuga. Kadiva ikijaa pomoni ni lita elfu ishirini na tano. Ipande, ishuke, kwenye kipimo cha jitu haionekani hata ikipumua.

"Ndiyo maana naweka grafu ndogo humu humu ndani ya chumba chako, juu ya mstari, mahali peupe. Yenye kipimo chake yenyewe. Kamati ione kwamba Kadiva inajaa na kupungua kila siku."

"Iweke basi."

"Haikai, Bibi. Tangu jana..."


5.

"Kitendawili," alisema Bibi.

"Bibi, sina nafasi ya..."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu kaja na nyumba yake, mkeka wake na taa yake, lakini hajui alale wapi."

"Grafu ndogo."

"Umepata. Chukua Korogwe yako."

(Ni desturi yao tangu Naetwe ana meno ya maziwa. Ukishindwa kitendawili unatoa mji. Bibi ana miji kumi na tisa, pamoja na Dodoma yote. Amekataa katakata kuirudisha Tanga.)


6. JARIBIO LA KWANZA

[ ▒▒▒▒▒▒▒▒▒▒▒▒ ]
[ 4 ] [ 5 ] [ 6 ]

Grafu ndogo inajitetea:
Niliagizwa mimi. Anzia sifuri nukta moja kutoka kushoto. Panda sifuri nukta tano kutoka chini. Kuwa na upana wa sifuri nukta nane. Nikaanzia. Nikapanda. Nikatanuka. Kama nimewafunika Kisiwi, Mbokoi na Ivuga wa safu ya juu kama blanketi la bweni, kosa langu liko wapi?


6. JARIBIO LA PILI

[ 1▒ ] [ 2 ] [ 3 ]
[ 4 ] [ 5 ] [ 6 ]

Naetwe kaipunguza. Sasa ni ndogo, nadhifu, na imekaa kwa Kisiwi.

"Nimeolewa huko?" Bibi akauliza. "Mahari kala nani?"


6. JARIBIO LA TATU

[ 1▒ ] [ 2▒ ] [ 3▒ ]
[ 4▒ ] [ 5▒ ] [ 6▒ ]

"Mapacha sita! Kwa umri wangu huu!"

Naetwe akacheka huku machozi yanamlenga. Bibi aliyaona. Akamsogezea bakuli la maharage, akasema hakuna grafu iliyowahi kumshinda mtu aliyeshiba. Halafu akashauri waichapishe hiyo ndogo peke yake, waikate kwa mkasi na kuibandika kwa uji wa muhogo, kama lile tangazo.

"Kamati wanataka faili, Bibi."

"Basi faili lipakwe uji."


6. JARIBIO LA NNE

[ 1 ] [ 2 ] [ 3 ]
[ 4 ] [ 5 ] [ 6▒ ]

Wakainamia kioo.

Imekaa.

Naetwe alikuwa ameisukuma kwa macho, kidogo kidogo, kama mtu anayesogeza kabati lenye vyombo. Kulia kidogo. Chini. Hapo hapo, usipumue. Wakafunga laptopu, wakakimbilia kuchapisha.


7. STESHENARI

Mwenye steshenari ni Ndesario, Mchaga wa Machame, kwa hiyo mtani wa Wapare, anaowatania kwa kupenda kesi. Alipomwona Bibi aliacha kiti chake.

"Shikamoo Bibi. Mmemshtaki nani leo?"

"Marahaba. Tumekuja kukushtaki wewe, umeuza mlima ukabaki na theluji."

Mashine ikaguna, karatasi ikatoka.

[ 1 ] [ 2 ] [ 3 ]
[ 4 ] [ 5 ] [ 6 ] ▒

"Hii iliyotoka nje ni ya nini?" Ndesario aliuliza. "Imefukuzwa?"

Kwenye kioo ilikaa. Kwenye karatasi, vyumba vilijibana kupisha maandishi ya pembeni, vikahama. Grafu ndogo ikabaki pale pale ilipoambiwa isimame, nje, ukingoni, kama mgeni aliyekuta nyumba imehamishwa. Ndesario alichapisha tena kwenye karatasi kubwa. Ikaenda kusimama penye mpaka wa tano na sita.

"Karatasi ya pili hii. Kesi ya mbuzi imeanza kula ng'ombe, ndugu zangu Wapare."

Naetwe hakucheka. "Nitaitoa," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaacha mstari kama ulivyo. Nitawaelezea kwa mdomo."

Bibi akatikisa kichwa. Anawajua watu wa kamati. Kwenye kikao watatazama karatasi. Mdomo watauchelewesha hadi mengineyo.


8. YALIYOSIKIKA MLANGONI
(mama mmoja mwenye ndoo, simu sikioni)

"Niko duka la pili! La pili! ... We mwanaume, la pili kutoka stendi, siyo kutoka sokoni! Kutoka sokoni ni bucha!"


9.

Bibi Nakijwa alimtazama yule mama mpaka alipopata mtu wake. Kisha akageuka polepole.

"Mjukuu wangu. Hizo sifuri nukta zako."

"Mm."

"Unazihesabu kutoka wapi?"

Naetwe akafungua laptopu.

Akasoma maagizo yake.

"Kutoka kwenye pembe ya karatasi," alisema.

"Na Kadiva inakaa kwenye karatasi, au inakaa chumbani?"

Ndesario aliacha kupanga bahasha.


10. KOMPYUTA, KWA LUGHA YA NYUMBANI

Ilikuwa: weka grafu ndogo. Pima kutoka: KARATASI.
Ikawa: weka grafu ndogo. Pima kutoka: CHUMBA CHA 6.

Neno moja. Sifuri nukta moja na sifuri nukta tano zikabaki zile zile za jana, hazikuwa na kosa. Karatasi ndogo: imekaa. Karatasi kubwa: imekaa. Ndesario akajaribu karatasi ya mraba kwa ubishi tu.

Imekaa.

"Bibi," alisema Ndesario, "nakupa Moshi."

"Ninayo tayari. Lete Machame."


11.

Hapa ndipo msomaji mwingine angefunga kitabu akapike. Usifunge.

Bibi alishika karatasi mbali na macho, halafu karibu. Kwa mara ya kwanza aliiona Kadiva ikiwa imesimama, kilima na bonde, kilima na bonde, na moyo wake ukajaa. Akaweka kidole juu ya kilima cha kwanza.

"Hapa ni saa ngapi?"

"Jioni."

"Na hapa bondeni?"

"Asubuhi, Bibi."

Kidole kikarudi kilimani. Kikashuka. Kikapanda.

"Naetwe. Hii inajaa mchana na kukauka usiku."

"Ndivyo daftari linavyosema. Asubuhi moja, jioni

nne."

Wakatazamana.

Ndiva itakayoonekana haipokei maji ya usiku itafutwa kwenye orodha.

Tangu jana, mstari ulipokuwa umelala, hakuna aliyeona hilo. Sasa wameuamsha, wameupa chumba, na mstari umesimama kutoa ushahidi wa uongo.

Naetwe alimshika Bibi mkono, ule wa kupimia. Akauliza kwa upole sana, kama anayemwuliza mtoto kaangushia wapi kiatu.

"Bibi. Shubiri zako ulizihesabu kutoka wapi?"


12.

Kutoka mdomoni.

Nalala kifudifudi kwenye jiwe la mdomo wa ndiva, nateremsha ufito mpaka uguse maji, halafu naupima ufito. Asubuhi maji yako karibu: shubiri moja. Jioni yamekwenda mashambani: shubiri nne. Marehemu babu yako alipima hivyo. Nani apime kutoka kwenye tope? Tope unalionaje?


13.

"Sisi wote, Bibi," alisema Naetwe. "Rula zote za kamati zinaanzia kwenye tope."

Bibi alikaa kwenye benchi la steshenari. Miezi mitano, asubuhi na jioni, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la nne, alikuwa anachimbia Kadiva kaburi. Mkono wake ukaonekana mdogo juu ya paja.

"Nimewaharibia."

"Hujaharibu hata kidole. Toka mdomoni hadi kwenye tope ni shubiri ngapi?"

"Tano."

"Tano toa moja?"

Bibi akainua macho. "Nne."

"Tano toa nne?"

"Moja. We mtoto, unanifundisha hesabu?"

"Nakuachia Tanga."

"Tanga ni yangu siku zote." Lakini alikuwa anacheka, na anapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.


14. MAELEZO CHINI YA GRAFU

Chumba cha 6, grafu ndogo: vipimo vya Kadiva vilichukuliwa kwa shubiri, kutoka mdomo wa ndiva kwenda chini, na vimegeuzwa ili vilingane na ndiva nyingine. Kilima ni asubuhi. Mpimaji: Nakijwa.

(Bibi alitaka iongezwe: na maji ni matamu. Naetwe alisema hakuna nafasi. Bibi alisema kwenye karatasi lazima kuna nafasi, suala ni kupima kutoka wapi.)


15. UJUMBE WA KATIBU WA KAMATI, JUMATANO SAA KUMI ALASIRI

Nimepokea. Ninayo pia nakala ya daftari mliyoambatanisha. Daftari linasema moja, grafu inasema nne. Kikao kitaamua kuamini lipi. Mchoraji afike mwenyewe.


16. ALHAMISI

Saa moja asubuhi Bibi Nakijwa amesharudi mlimani. Hakuzibua.

Saa mbili hakuzibua.

Saa tatu watu wa kaya kumi na moja wamejipanga kwenye mfereji na majembe yao, na mama Mbazi ndiye aliyetumwa kuuliza, kwa sababu mfiwa hafokewi.

"Mama, tunafungua saa ngapi? Tangawizi inalia."

"Iambieni ingoje. Kama kamati watataka kuja kuona, waikute imejaa."

"Na wasipokuja?"

Bibi aliinama, akalala kifudifudi juu ya jiwe. Hakuchukua ufito, haukuhitajika. Aliweka kidole gumba mdomoni mwa ndiva, akakunjua mkono, na kidole cha mwisho kikaingia kwenye baridi.

Shubiri moja. Shubiri nne. Yale yale maji.


17.

Saa nne na nusu. Simu inaita ndani ya kitenge. Bibi anaipokea kwa mkono mkavu, ule mwingine kauacha pale pale.

Upande wa pili viti vinaburutwa, watu wanaongea kwa pamoja, mtu anauliza njia ya kwenda Kadiva. Kisha sauti ya Naetwe, karibu sana, haina kilio wala kicheko, au ina vyote.

"Bibi. Kitendawili."

Mama Mbazi amesimama na jembe. Mfereji mzima umesimama.

"Tega," alisema Bibi.