Gome la Kakorwet

Wazungu wa chai walipowafukuza babu zetu huku Konoin, waling'oa kila mti wa dawa waliokuta. Kakorwet mmoja tu ulibaki, kwa sababu ulikuwa bondeni, penye matope, ambako chai yao haikupataka. Gome la mti huo ndilo Kogo Rodah, nyanya wa kijiji kizima, amekuwa akichemshia watoto wenye matubwitubwi.

Agosti iliyopita mjukuu wake Loice, mtafiti wa chuo kikuu, alisimama kanisani wakati wa matangazo.

"Gome la ule mti limejaa flavonoidi," alisema. "Ni kemikali mti unajitengenezea kujikinga na ukungu na wadudu. Tumezipima maabara, zina nguvu."

Tulipiga makofi. Alipoongeza kwamba utafiti haujaisha, nani alisikiliza?

Kesho yake watu walishuka bondeni na panga: mwenye presha, mwenye sukari, mwenye mgongo uliomalizwa na kikapu cha chai. Na hawakuwa wezi, hilo ndilo linaniuma. Kila mmoja alifuata desturi: unakata kipande cha kiganja, unapaka kidonda udongo, na hukati kamwe juu ya kidonda cha mwenzako. Basi kila aliyekuja alisogea kando, akatafuta mahali pazima. Wakauzunguka mti hivyo, kwa adabu, mpaka ukabaki ukanda mmoja wa gome kutoka mizizi hadi matawi.

Loice akarudi na kisu.

"Kogo, nahitaji gome bichi. Lile la kwanza halikutosha."

"Liko wapi, mama? Nionyeshe."

Akauzunguka mti, akafika kwenye ukanda. "Hapa."

"Hapo ndipo mti unapitishia chakula."

"Huu umeshakufa, Kogo, umechelewa tu kuanguka. Afadhali usaidie watu."

"Watu gani? Hao waliokupigia makofi?"

Jirani yetu Omariba, aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe, akaangua kicheko. "Daktari, kumbe flavonoidi hazikingi mti na Wakristo!"

Loice hakucheka. Kogo akauegemea ule ukanda kwa mgongo.

"Kata basi. Anza na leso yangu."

Mjukuu alisimama pale, kisu mkononi. Mwishowe akakifunga, akapanda kuelekea barabarani bila kuaga. Alipofika juu akageuka.

"Mti utakufa tu, Kogo!"

"Basi ufie kwangu," Kogo alimjibu, akainama kukanda udongo.